Ramani Mbili za Kufika Kwetu

Mwaka huu nilipotea Kariakoo. Naandika hivyo huku naona haya, maana nimekulia pale. Nilikuwa nimerudi Dar baada ya miaka ya Tunduma, na kabla ya Tunduma nilikuwa Mwanza, na kabla ya Mwanza miji mingine ambayo mama huihesabu kwa vidole akitaka kunichokoza. Nilishuka kituo cha mwendokasi nikaingia mtaa nilioamini naujua, nikaanza kuitafuta kona yetu. Palipokuwa na nyumba za bati pamesimama maghorofa yenye vioo, na chini yake wamachinga wamepanga bidhaa mpaka katikati ya barabara. Nikazunguka mara ya kwanza, nikazunguka mara ya pili. Kijana mmoja muuza soksi akaniona nimeganda.

"Mzee, unatafuta chimbo gani nikupeleke?"

Nina miaka arobaini na kitu, lile neno mzee lilinichoma kidogo. Nikamwambia natafuta kona.

"Kona zipo kibao hapa. Ipi sasa? Ina alama gani?"

Alama niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa mtu, na mtu huyo siku hizi anakaa Mbagala, anafuga kuku. Nikanunua soksi jozi mbili nisionekane nimempotezea muda, nikaondoka nikicheka peke yangu. Nilikuwa nimerudia kosa nililolifanya kidato cha pili, na aliyenisahihisha wakati ule ni Sista.

Sista alitufundisha Uraia na Jiografia katika shule ya sekondari ya Kanisa, katikati ya jiji, karibu na bandari kiasi kwamba meli ikipiga honi mwalimu ananyamaza kwanza mpaka imalize. Alikuwa mtawa mrefu, mtu wa kusini, na chini ya vazi lake la kijivu alivaa raba nyeupe alizozipiga chaki kila Ijumaa. Tulisoma kwa Kiingereza kama ilivyotakiwa, lakini Sista alipotaka jambo likae kichwani alilisema kwa Kiswahili.

"Mnataka kunieleza bunge," alituambia wiki ya kwanza. "Bunge lipo, halikimbii. Kwanza nielezeni njia ya kufika kwenu."

Kila mmoja wetu alitakiwa achore ramani kutoka geti la shule mpaka mlango wa kwao. Iwe na jina, skeli, dira na ufunguo. Hadi hapo ilikuwa kazi ya kawaida ya Jiografia. Tofauti ilikuwa kwamba Sista alizifuata zile ramani. Kila Jumamosi mchana alichukua ramani moja au mbili, akaziweka kwenye faili la plastiki, akavaa raba zake akaenda. Na alijiwekea sharti: hamuulizi mtu njia. Ramani ikimfikisha, anabisha hodi, anaketi, anakunywa atakachopewa na kuzungumza na wazazi. Ikimpoteza, anarudi zake konventi, na Jumatatu tunasikia habari zake darasani.

Jumatatu hizo zilikuwa sinema. Kuna mwenzetu wa Gerezani aligeuza dira, kaskazini akaiweka kusini. Sista akaifuata hivyohivyo bila kubisha, akatokea Feri, katikati ya mnada wa samaki.

"Nimefika kwenu," akamwambia mbele ya darasa. "Nimewakuta ndugu zako wote, changu na vibua, wamelala juu ya meza. Mama yako tu ndiye sikumwona."

Darasa likavunjika mbavu. Sauti ikatoka nyuma: "Sista, ulipandisha bei?"

"Nilipandisha. Nikashindwa na mama lishe mmoja."

Kisha akageukia ubao, akaandika kwa herufi kubwa: ALAMA ZA KUDUMU. "Msinichoree kinachotembea," alisema. "Kanisa halitembei. Msikiti hautembei. Reli haitembei. Muuza karanga anatembea. Mkinichorea muuza karanga, mtanikuta Bagamoyo."

Tukaandika kwenye madaftari. Mimi pia niliandika.

Wakati huo mimi na mama tulikuwa tunaishi stoo. Baba alikuwa ameondoka nikiwa mdogo, naye alikuwa mtu wa kuhamahama, na nadhani tabia hiyo kanirithisha mimi. Mama alikuwa akifagia na kupiga deki katika duka la jumla la vitenge la Mchagga mmoja. Mtaa mzima ulimwita Mangi, kama unavyowaita karibu wenye maduka wote waliotoka Kilimanjaro. Mangi alituachia chumba cha nyuma, ghorofa ya kwanza, alichokuwa anawekea mzigo. Hakikuwa na dirisha. Ulikifikia kwa ngazi ya chuma iliyokuwa uchochoroni, ukishapita maboksi matupu na choo cha wapagazi. Mama alilala kwenye godoro chini, mimi nililala juu ya robota la vitenge. Nimelala sehemu nyingi tangu siku zile, na sijakipata kitanda kilichonipokea vizuri kama lile robota. Lakini hayo nayasema sasa. Nikiwa na miaka kumi na mitano nilikuwa tayari kusema chochote ili mtu wa shuleni asiijue ile ngazi.

Asubuhi na mapema, kabla duka halijafunguliwa, mama alikaa pale kwenye kona chini ya jengo na jiko lake na karai, akipika vitumbua. Wapagazi, makuli na wenye maduka walianzia siku zao kwake.

Mitaa miwili kutoka kwetu alikuwapo Bibi. Hakuwa bibi yangu wa damu. Alikuwa mjane wa familia ya Kiislamu yenye asili ya Uarabuni, na alikuwa na duka la viungo, ubani na udi, na mbele yake baraza pana la saruji. Kwa kuwa stoo haikuwa na dirisha, nilikwenda kusomea pale jioni. Malipo yake yalikuwa kumsomea gazeti, hasa ukurasa wa vifo.

"Soma polepole, mjukuu wangu," alikuwa akisema. "Hawa watu hawana haraka tena."

Basi ulipofika wakati wa kuchora ramani yangu, nilichora njia ya kwenda kwa Bibi. Ilikuwa ramani nzuri, nasema bila kujisifu. Niliweka msikiti, niliweka reli, niliweka shule ya msingi na kituo cha mafuta. Vyote ni vitu visivyotembea. Mwisho wa njia nikachora nyumba yenye baraza, na kwenye ufunguo nikaandika: Kwetu.

Nikamwendea Bibi, nikamwomba nimkaribishe mwalimu wangu pale Jumamosi.

"Mama yako anajua?"

"Anajua, Bibi."

Hakujua. Na ubaya ni kwamba Sista alikuwa ametuma barua kwa wazazi wote zenye tarehe ya kila mmoja. Mama aliipokea yetu, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia. Kuanzia siku hiyo stoo haikukaa kimya. Alinunua mkeka mpya. Aliazima vikombe kwa mama lishe wa jirani. Alimwomba Mangi ruhusa, naye Mangi, mtu mzima mwenye kitambi chake, akapanda ngazi mwenyewe akasukuma marobota hadi ukutani, jasho linamtoka. "Mgeni wa Kanisa hawezi kupita ubavu ubavu humu ndani," alisema.

Jumamosi asubuhi mama alikuwa anachambua mchele wa pilau. Nikamwambia Sista anaumwa, hatakuja.

Aliinua uso. "Anaumwa nini?"

"Sijui. Tumeambiwa tu."

"Maskini wa Mungu," akasema, akaendelea kuchambua. "Basi tutakula wenyewe na kumwombea."

Saa tisa nilikuwa barazani kwa Bibi, nimevaa shati la shule lililopigwa pasi. Sista akatokea kwenye kona ya msikiti, faili mkononi, anatembea kwa hatua ndefu kama anapima shamba. Hakukosea hata mara moja. Bibi alimpokea kwa kahawa ya tangawizi na halua kwenye sahani ya kioo, wakaanza kuzungumza kama watu waliosoma pamoja. Walizungumzia magoti. Walizungumzia vijana wa siku hizi. Mimi nilikaa pembeni nikihesabu vigae vya saruji.

"Kijana wako anasoma vizuri," Sista alisema.

"Hapa ndipo anaposomea," Bibi akajibu. "Ananisomea na mimi."

"Na analala wapi?"

Bibi alinitazama. Nadhani wakati ule ndipo alipoelewa nilichomfanyia. Angeweza kunifukuza palepale. Badala yake alimmiminia Sista kahawa nyingine, taratibu.

"Analala anapolala mama yake, mwanangu," alisema. "Lakini huyu ni wetu pia."

Sista hakuuliza zaidi. Alikunywa kahawa yake, akashukuru, akaenda. Bibi hakunigombeza. Alinipa kipande cha halua kilichobaki, nikakataa, akakifunga kwenye karatasi akanitia mfukoni. Nilirudi stoo nikakuta pilau imefunikwa, na mama ananisubiri tule.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Baada ya misa tulikuwa tunashuka ngazi za kanisa, mama akamwona Sista. Nilimvuta mkono, akanipuuza.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele na milele, amina."

"Pole na kuumwa. Mwanangu ameniambia. Umepona sasa?"

Sista alinitazama mimi. Nimewahi kusimama mbele ya askari wa mpakani na mzigo usio na karatasi, na sikuogopa kama nilivyoogopa pale.

"Miguu tu, mama," alisema Sista. "Jana ilinipeleka nisikotakiwa kwenda. Jumamosi hii nitakuja kwako."

"Karibu sana. Tutakusubiri."

Jumatatu Sista hakusema habari zangu darasani. Alinisubiri watoke wote, akanirudishia ramani. Hakuwa ameipa maksi.

"Ramani hii ni nzuri kuliko zote," alisema kwa Kiswahili. "Imenifikisha moja kwa moja. Lakini pale iliponifikisha, wewe ni mgeni kama mimi. Chora nyingine."

"Sista, kwetu ni stoo."

"Nimekuuliza ni nini? Nimekuuliza ni wapi."

Nilichora ile ya pili alfajiri ya siku iliyofuata, nimekaa kwenye ngazi ya chuma. Nilitaka kuimaliza haraka, kama mtu anayekunywa dawa chungu. Sikutumia rula. Nilichora nilichokuwa nakiona na nilichokuwa nakipita kila siku kwenda shule: mkokoteni wa bluu ulioegeshwa kwenye mlango wa uchochoro, muuza kahawa na birika lake, rundo la machungwa kwenye turubai. Na kwenye kona nikamchora mama, amekaa kwenye kigoda mbele ya karai. Kwenye ufunguo nikaandika: Mama, pinda kulia. Hivyo ndivyo watu wa Kariakoo wanavyoelekezana hadi leo. Ukimuuliza mtu atakwambia nenda mpaka kwa yule dada wa mihogo, na mihogo ikiisha saa nne shauri yako. Somo la alama za kudumu lilikuwa kwenye daftari, na daftari lilikuwa ndani ya begi.

Jumamosi ikafika. Mama alipika pilau tena. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akasuka nywele, akatandaza mkeka. Alimkataza Mangi asishushe mzigo mchana ule, na Mangi akakubali, akakaa dukani akichungulia. Saa tisa ikapita. Saa tisa na nusu. Mama alitoka kwenye ngazi akatazama chini uchochoroni, akarudi. Saa kumi.

"Labda miguu imemzidia tena," alisema.

Nilinyoosha pindo la mkeka.

"Ulimchorea vizuri?"

Hapo ndipo nilipoona kila kitu. Muuza kahawa alikuwa ameondoka tangu saa mbili asubuhi. Mkokoteni ulikuwa sokoni au bandarini au popote pale. Machungwa yalikwishaliwa na Dar es Salaam nzima. Na mama, alama yangu kubwa kuliko zote, alikuwa amekaa mbele yangu juu ya mkeka, nywele zimesukwa, anamsubiri mgeni ambaye huko chini alikuwa anamtafuta yeye.

Nikamwambia. Na nilipoanza kumwambia hilo, la kwanza nalo likatoka, maana halikuwa na pa kukaa tena: kwamba Sista hakuumwa, kwamba Jumamosi iliyopita nilimpeleka kwa Bibi wa ubani nikasema ndiyo kwetu.

Mama hakunipiga. Alichukua sahani akafunika sufuria vizuri, ingawa ilikuwa imefunikwa tayari.

"Alikula nini huko?"

"Kahawa. Na halua."

"Halua ya dukani au ya kupika mwenyewe?"

"Sijui, mama."

Nje wapagazi walikuwa wanapiga kelele, "Mguu, mguu, pisha!" na mahali fulani kipaza sauti kilikuwa kinatangaza mashuka. Niliangalia vidole vyangu vya miguu.

"Na kwenye hii ya pili," alisema mama, "mimi nimo?"

"Umo. Kwenye kona. Na karai."

Akasimama. Sikujua anataka kufanya nini. Akafunga khanga juu ya kile kitenge cha kanisani, akachukua kigoda kwapani, akachukua karai mkono mmoja na jiko lisilo na moto mkono wa pili.

"Basi ngoja nikakae," alisema.

Alishuka ngazi na mimi nyuma yake. Kwenye kona, mahali pake pa asubuhi, palikuwa na mtu anauza kandambili. Mama akamwambia, "Kaka, nisogezee kidogo, namsubiri mgeni," na yule kaka akasogeza kandambili zake bila swali. Mama akakaa kwenye kigoda, karai tupu mbele yake, nywele zimesukwa kama bibi harusi. Watu waliomjua walipita wakimtania.

"Mama Vitumbua, leo vya jioni?"

"Leo sipiki, leo naonekana tu. Pita."

Mangi alitoka mlangoni, akatazama, akatikisa kichwa, akarudi ndani.

Mimi ndiye niliyeziona kwanza zile raba. Zilikuwa zimejaa vumbi, nyeupe yote imekwisha. Sista alikuwa upande wa pili wa barabara, mbele ya duka la mabegi, kavaa uchovu wa mtu aliyezunguka sana, na hata wakati huo alikuwa hajamuuliza mtu. Aliitazama karatasi. Akainua macho, akatazama kona. Akaitazama karatasi tena. Kisha akavuka, akipisha mikokoteni, akaja akasimama mbele ya mama.

"Tumsifu Yesu Kristo. Mama, nimekutafuta wewe tangu saa tisa."

"Milele na milele, amina. Na mimi nilikuwa juu, nakusubiri wewe."

Wakaanza kucheka. Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la khanga, na sikuweza kujua kama machozi yale yalikuwa ya kucheka tu. Sista akachukua kile kigoda, mama akachukua karai, mimi nikapewa jiko. Kabla hatujaiacha kona, Sista alisoma ufunguo kwa sauti, "Mama, pinda kulia," akapinda kulia, akapita maboksi na choo cha wapagazi, akapanda ngazi yetu ya chuma.

Alikula sahani mbili za pilau. Alisema ni nzuri kuliko halua, na mimi nikatamani robota linimeze. Mama akamwambia, bila kunitazama, "Kijana kanieleza." Sista akasema, "Basi yameisha," na kweli hawakulizungumza tena, si siku ile wala siku nyingine. Akauliza ninapolala, nikamwonyesha. Akaketi juu ya robota, akalipima kwa kukaa na kuinuka mara mbili.

"Afadhali yako," alisema. "Vitanda vyetu vya konventi vimetengenezwa na seremala asiyewapenda watawa."

Jumatatu ramani ilirudi na alama sita kwa kumi. Sista alikuwa amepita na kalamu nyekundu. Muuza kahawa alikuwa na mkwaju wa kukosa. Mkokoteni ulikuwa na mkwaju. Machungwa yalikuwa na mkwaju, na pembeni ameandika: yameliwa. Mama hakuwa na mkwaju.

Nilimpelekea mama aione. Aliishika karibu na taa, akatafuta mpaka akajiona.

"Huyu ndiye mimi?"

"Ndiye wewe."

"Mbona hana miguu?"

"Umekaa, mama."

Akaitazama sana. Nilidhani ataikunja aiweke ndani ya Biblia pamoja na barua. Badala yake alitoka nje, akashuka dukani, akarudi na pini mbili za Mangi, akaibandika kwenye mlango wetu, upande wa nje, juu ya kitasa. Mangi alipopanda kesho yake kufuata mzigo alisimama akaisoma yote, kuanzia dira mpaka ufunguo.

"Sasa mama," akasema, "mtu akishafika hapa, ramani ya kufika hapa ya nini?"

Mama akamwambia aiache hapohapo.